Makuzi ya Nafsi katika Kazi za Kila Siku

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyamirambo, Kigali)



Sifa zote njema ni za Mwenye Enzi Mungu, aliyetuumba kutoka katika hali ya kutokuwapo, akatupa pumzi, riziki na akili. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, nawashukuru viongozi wa chama kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu siku ya leo.

Ni desturi ya vyama, siku kama hii inapofika, kukumbuka mambo makubwa: jengo lililosimamishwa, fedha zilizochangwa, mgeni mashuhuri aliyetutembelea. Hayo yote yana haki ya kukumbukwa. Lakini mimi naomba ruhusa yenu niseme juu ya mambo ambayo hayaandikwi katika kitabu cha chama chochote. Nitasema juu ya siku za kawaida.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu aliyejaaliwa kufika umri wa miaka 60 amekwisha kuishi siku 21,900 na zaidi. Mwulizeni mtu huyo awatajie siku anazozikumbuka. Atataja siku ya harusi yake, siku alizozaliwa watoto wake, siku aliyofiwa na mzazi, labda siku aliyosimama Arafa. Akijitahidi sana atafikisha siku 50 au 100. Je, zile nyingine 21,800 zilikwenda wapi? Zilikwenda katika kuamka na kusali, kufungua duka na kulifunga, kuchota maji, kupika, kufua, kufundisha watoto, kungoja wateja, kurudi nyumbani na kulala. Ikiwa maana ya maisha imo katika zile siku 50 peke yake, basi sisi sote tumepunjwa. Na Mwenye Enzi Mungu hampunji mja wake. Kwa hiyo hapana budi maana imo pia katika zile siku nyingine, nasi ndio tulioshindwa kuiona.

Nimewasikia vijana wakilalamika. Kijana husema, "Maisha yangu hayana maana. Leo ni kama jana, na kesho itakuwa kama leo." Anadhani maana ya maisha inakaa mahali pengine, ng'ambo ya bahari, au katika mali asiyokuwa nayo bado, na kwamba siku atakapofika huko ndipo ataanza kuishi. Nao watu wazima wanalo kosa lao, linalofanana na hilo. Wao huigawa siku mafungu mawili: fungu dogo la dini, nalo ni ule muda walio msikitini, na fungu kubwa la dunia, nalo ni muda wote uliobaki. Katika fungu la kwanza huwa wapole na wanyenyekevu, katika fungu la pili husema, "Hii ni biashara tu." Kijana ameihamisha maana akaipeleka nchi ya mbali, na mtu mzima ameifungia ndani ya msikiti. Wote wawili wameziacha siku zao mikono mitupu.

Jambo hili si geni, wala si ugonjwa wa zama zetu peke yake. Alilalamikia Sahaba Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba alikutana na Abubakar (R.A.), naye akajishitaki kuwa amekuwa mnafiki. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba wanapokaa mbele ya Mtume na kukumbushwa habari za Pepo na Moto, huwa kama wanaviona kwa macho. Lakini wakiisha kuondoka na kushughulika na wake, watoto na mashamba, husahau mengi. Abubakar mwenyewe akakiri kuwa yeye pia huona hivyo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume (S.A.W.). Yeye hakuwaamuru waache wake zao, watoto wao na mashamba yao. Aliwaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani. Lakini binadamu ana saa ya hili na saa ya lile.

Tazameni huruma iliyomo katika jawabu hilo. Mtume (S.A.W.) aliijua kazi ya nyumbani. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Mikono iliyoshika sindano ndiyo iliyoinuliwa kuomba dua. Hakuona aibu katika hiyo ya kwanza, wala hakuacha hiyo ya pili.

Katika wanazuoni waliolieleza jambo hili kwa mapana ni Imamu Ghazali, aliyezaliwa mji wa Tus, katika nchi ya Iran, mwaka 1058, akafa huko huko mwaka 1111. Alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad; na mwaka 1095, alipoona kuwa sifa za watu zinaila nafsi yake, akaiacha heshima hiyo yote akaenda zake Sham. Baada ya kutoka Baghdad aliandika kitabu chake mashuhuri, Ihyau Ulumiddin. Kitabu hicho kina milango 40, nayo imegawanywa robo nne, kila robo milango 10. Robo ya kwanza ni ya ibada. Robo ya tatu ni ya mambo yanayoangamiza, kama hasira, uchoyo na kiburi. Robo ya nne ni ya mambo yanayookoa, kama toba, subira na shukrani. Na robo ya pili? Robo nzima ya pili ni ya mambo ya kila siku: kula, kuoa, kuchuma riziki, kufuata halali, kusuhubiana na watu, kusafiri. Mwanachuoni aliyekimbia fahari ya dunia hakuona kuwa adabu ya kula na ya kuuza ni jambo dogo lisilostahili wino wake. Aliliweka kati ya ibada na utakaso wa moyo, kama daraja ambalo mtu hana budi kulivuka.

Basi daraja hili huvukwa vipi? Nayaona mambo matatu.

La kwanza ni nia. Sote tumefundishwa tangu chuoni kuwa amali hupimwa kwa nia. Lakini wengi wetu tumeiacha nia mlangoni mwa udhu na sala, hatuipeleki kazini. Imamu Ghazali anamwelekeza mfanyabiashara anuie kwa biashara yake kujizuia na kuombaomba, kuwatosheleza watu wake, na kutimiza faradhi ya kutosha; kwa sababu kama kazi zote na biashara zote zingeachwa, watu wangeangamia. Fikirini maneno hayo, ninyi mafundi wa gereji, madereva wa pikipiki, wauza nguo, wapika chapati na wauza chai. Mji huu ukiamka asubuhi moja usiwakute, utajua thamani yenu kabla ya adhuhuri. Dereva anayemkabidhi abiria kofia safi, akaendesha kwa uangalifu kama kwamba amembeba mama yake mzazi, na mwenzake anayefikiria nauli tu, wote wawili wamepita njia moja na wamepokea fedha sawa. Mmoja kati yao amerudi nyumbani na nauli na thawabu. Wa pili amerudi na nauli.

Na hapa yafaa tuonye. Nia njema haigeuzi haramu kuwa halali. Mtu hawezi kupunja watu mchana kwa nia ya kujenga msikiti jioni. Vilevile maneno haya juu ya thamani ya kazi yasifanywe fimbo ya kumpigia mnyonge. Mwenye kazi asimwambie kibarua wake, "Subiri, thawabu yako iko kwa Mungu," naye ameushika ujira wake. Mtume (S.A.W.) ametuagiza mtenda kazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Kumlipa mtu kwa wakati ni ibada ya mwajiri, kama vile kufanya kazi kwa uaminifu ni ibada ya mwajiriwa.

La pili ni uangalifu katika jambo lisiloonekana. Katika Kurani imo sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Na kipimo ni kitu cha kila siku, kitu cha sokoni. Kwa nini onyo kali namna hiyo kwa gramu chache za mchele? Kwa sababu mkono unaouminya mzani umekwisha kuuminya moyo kwanza. Imamu Ghazali anasema kwamba mfanyabiashara akiingiliwa na sarafu ya bandia, asimpe mtu mwingine, bali aitupe kisimani mahali pasipofika mkono wa mtu. Maana ikitoka kwake itapita mkono baada ya mkono, na madhara yake yataendelea hata baada ya yeye kufa. Hasara ya sarafu moja huwa ni sadaka kwa watu asiowajua wala hatawajua.

Mfano wa siku hizi tunao karibu. Fundi amefungua gurudumu la gari, ametengeneza breki, sasa anarudisha nati. Mwenye gari yuko pembeni anazungumza na simu. Fundi akikaza nati zote sawasawa, hakuna atakayemsifu. Na akiacha moja imelegea, huenda hakuna atakayejua mpaka gari limefika katika mteremko. Dakika ile, anapokaza nati ya mwisho ilhali hapana anayemtazama, ndipo imani yake inapokuwa kitu cha kushikika. Wala msidhani ni mafundi peke yao. Mwalimu anayesahihisha daftari la thelathini kwa uangalifu ule ule aliosahihisha nalo la kwanza. Mama anayeosha mchele usiku, wote wamelala. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa asiyejitambua. Hawa wote wanakaza nati zisizoonekana.

Nasema hasa juu ya kina mama, kwa sababu kazi yao huonekana pale tu isipofanywa. Nyumba ikiwa safi hatuioni. Ikichafuka siku moja tunauliza. Kazi yao huliwa ikaisha, huvaliwa ikachafuka, na kesho huanza upya. Ajapokosa mwanadamu wa kuwashukuru, kwa Mola wetu haupotei hata uzito wa chembe. Lakini hilo halituondolei sisi wanaume wajibu wa kuona, kushukuru na kusaidia, kama alivyofanya yule tunayedai kumfuata.

La tatu ni hesabu. Mfanyabiashara asiyefanya hesabu hajui kama anapata au anakula mtaji. Imamu Ghazali amechukua mfano huu huu: ameifanya akili kuwa mwenye mali, na nafsi kuwa mshirika aliyekabidhiwa mali hiyo akafanye biashara. Mtaji wa dini ni faradhi, faida yake ni sunna na mambo mema ya ziada, hasara yake ni maasi, na msimu wa biashara hiyo ni mchana wote. Mwenye mali mwenye busara huagana na mshirika wake asubuhi, humwangalia mchana, na jioni hukaa naye kitako kufanya hesabu. Basi nasi na tufanye hivyo. Baada ya sala ya alfajiri mtu aseme na nafsi yake maneno machache: leo nitafanya hili, nitajizuia na lile. Mchana ajikumbushe. Usiku, kabla ya kulala, ajiulize mambo matatu: Nimemdhulumu nani leo? Nimemfaa nani leo? Nimejifunza nini leo? Hahitaji karatasi wala kalamu, anahitaji ukweli. Dakika 10 zatosha, nazo ni chache kuliko zile tunazozitoa usiku huo huo kutazama simu zetu.

Mtu atakayeshika mambo haya matatu asitazamie kujiona amekua baada ya juma moja. Mama hamwoni mtoto wake anavyorefuka, kwa kuwa yuko naye kila siku. Ni mgeni ajaye baada ya mwaka anayeshangaa. Na nafsi vivyo hivyo. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali ipendwayo zaidi na Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. Anayeanza kwa mambo makubwa huchoka mapema akayaacha yote. Anayeanza kwa dogo akalishika, dogo hilo humshika naye.

Pengine mtu atauliza: mambo haya madogo, ya mizani na nati na salamu kwa jirani, yana uzito gani mbele ya misukosuko mikubwa ya dunia? Jawabu tunalo katika nchi yetu hii, nalo tumelinunua kwa bei kubwa mno.

Tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, ulipita hapa msiba ambao hakuna haja ya kuwasimulia ninyi: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Jirani alimwinukia jirani. Katika siku zile, katika mitaa kama Biryogo na mahali pengine nchini, walikuwapo Waislamu waliofungua milango yao wakawaficha watu waliowindwa, bila ya kuwauliza kabila wala dini. Huko Mabare, upande wa mashariki, watu walikimbilia msikitini, na Waislamu wakasimama bega kwa bega nao kuwalinda, mpaka walipozidiwa nguvu kwa silaha. Hatusemi kwamba kila aliyejiita Mwislamu alisimama upande wa haki. Wako waliopotoka, na hesabu ya kila mtu iko kwa Mola wake. Lakini waliosimama, walisimama kweli, na wengine walilipa kwa roho zao.

Sasa naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu anayebisha hodi usiku, naye anafuatwa, hampi mwenye nyumba muda wa kufungua kitabu. Hampi muda wa kuita mkutano wala wa kuomba fatwa. Kati ya hodi na kufungua mlango ni pumzi chache tu, na katika pumzi hizo mtu huwa yule aliyekuwa akijitengeneza miaka yote iliyopita. Aliyezoea kumjulia hali jirani, kumpelekea futari, kumkopesha chumvi, kukaa naye matangani, mkono wake uliijua njia ya komeo. Aliyezoea kupima kila kitu kwa faida yake, mkono wake nao ulijua njia yake. Mlango ule haukufunguliwa usiku ule peke yake. Ulikuwa ukifunguliwa kidogo kidogo, kila siku, katika zile siku ambazo hakuna aliyezikumbuka.

Hii ndiyo maana ya siku za kawaida, ndugu zangu. Ndizo chuo cha nafsi. Siku ya mtihani haileti kitu kipya ndani ya mtu. Hutoa nje kilichowekwa. Nasi hatujui mtihani wetu utakuja lini wala kwa sura gani. Tuombe Mungu atuepushe na ule mfano wa 1994, usirudi tena hapa wala popote. Lakini mitihani midogo haitakosa kuja: mgonjwa atakayetuhitaji wakati tumechoka, mali ya yatima itakayowekwa mikononi mwetu, siri ya mwenzetu, hasira ndani ya nyumba, uwongo utakaoletwa na simu ukitutaka tumchukie mtu tusiyemjua.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa chama hiki. La kwanza, tusiwafundishe watoto wetu kusoma na kuhifadhi peke yake, bali tuwafundishe pia kazi za mikono na adabu zake. Mtoto ajue kuwa kufagia uwanja wa msikiti na kumwamkia mzee ni masomo sawa na masomo mengine. La pili, tunapokutana, tusiulizane habari za biashara na afya tu. Kila mmoja wetu awe na mwenzake mmoja wa kuulizana kwa upole, "Nafsi yako je, imepata faida gani juma hili?" Swali hilo laweza kuonekana geni mara ya kwanza, mara ya kumi litakuwa desturi, na desturi njema ni mali isiyoibiwa.

Ewe kijana uliyesema kuwa leo ni kama jana: huenda ni kweli kuwa duka ni lile lile, njia ni ile ile, na wateja ni wale wale. Kisichopaswa kuwa kile kile ni wewe. Kesho asubuhi fungua mlango wako wa duka kwa nia, pima kwa haki, na usiku fanya hesabu yako. Halafu ngoja, kama mkulima angojavyo.

Namwomba Mwenye Enzi Mungu atubarikie siku zetu, zile tunazozikumbuka na zile tunazozisahau; awarehemu waliotutangulia, awalipe kheri waliofungua milango yao, na aifanye mikono yetu iijue njia ya wema hata gizani. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.